Mwizi wa Ngazi ya Kwanza

Mkuu alipouliza nani amechagua nini kwa ngazi mpya, Miwani alijibu kabla wenzake hawajafungua mdomo.

"Mimi nachukua fani ya pili. Nakuwa mwizi."

Mumewe, aliyekuwa anakunywa maji, alipaliwa. Wifi yake akacheka na kugonga meza mpaka dadu zikarukaruka. Mkuu peke yake hakucheka. Aliweka kalamu chini taratibu, akamtazama mke wa mdogo wake kwa jicho lile lile analomtazamia mtu aliyemletea ghalani kwake kazini misumari ya saizi isiyoagizwa.

"Mwizi," alisema.

"Mwizi."

"Shemeji, wewe ni tabibu."

"Tabibu wa ngazi ya nne. Ya tano naingia kwenye wizi. Inaruhusiwa."

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, watu hawa wanne walikaa sebuleni kwa Mkuu, ghorofa ya pili, kuzunguka meza yenye kitambaa cha plastiki kilichoungua pembeni kwa pasi, wakicheza mchezo wa kusimuliana. Haukuwa na ubao wala karata. Mkuu ndiye alikuwa msimulizi: aliwaelezea mji, mto, jeshi, mlango uliofungwa. Wengine watatu kila mmoja alikuwa na mhusika wake, naye ndiye aliyesema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, ulirusha dadu yenye pande ishirini, ukaongeza nyongeza ya ujuzi wako kama unao, na jumla ikifika lengo alilotaja msimulizi, umefanikiwa. Isipofika, unakula hasara yako.

Mumewe Miwani, fundi wa vigae, alikuwa askari wa upanga. Wifi yake, dereva wa gari la wagonjwa ambaye dunia nzima ilimwita King'ora, kwa kazi yake na kwa sauti yake vilevile, alikuwa mpiga mishale. Miwani mwenyewe, aliyepata jina hilo kwa kusaga lenzi katika duka la miwani, alikuwa tabibu.

Utabibu hakuuchagua. Alipoletwa mezani kwa mara ya kwanza, mkono wake ukiwa bado na hina ya harusi, Mkuu alimsogezea karatasi ya mhusika ambayo tayari ilikuwa imejazwa. "Tulikuwa tumekosa wa kutibu," alimwambia, na mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo askari akikatwa, Miwani anafunga jeraha. Mpiga mishale akianguka, Miwani anamwinua. Milango walifungua wengine, hazina waliiona wengine, na maadui walijibizana na wengine. Yeye alikuwa huko nyuma na bandeji zake, akisubiri mtu aumie ndipo apate cha kufanya. Mwanzoni aliona ni adabu ya mgeni. Sasa hakuwa mgeni tena.

"Sikatai kwamba inaruhusiwa," Mkuu alisema. "Nakwambia utaumia. Kila fani inahesabiwa peke yake. Wenzako wakiingia ngazi ya tano, nyongeza yao inatoka mbili na kuwa tatu. Wewe kwenye utabibu umesimama ya nne, kwa hiyo unabaki na mbili. Kwenye wizi wewe ni mtoto mchanga, ngazi ya kwanza, mbili tena. Hutakuwa tabibu wa maana wala mwizi wa maana. Kitabu ndivyo kinavyosema."

"Sivyo. Na kuna ujuzi wa kusoma watu, kujua nani anadanganya. Upo kwenye utabibu na upo kwenye wizi. Kwa hiyo mimi nitakuwa nao mara mbili, najumlisha."

"Unajumlisha!" Mkuu alicheka sasa. "Hesabu ya wapi hiyo?"

"Ya kitabu."

"Kitabu nimekisoma kabla hujaijua nyumba hii, shemeji." Aliinamia karatasi zake, na bila kumtazama akaongeza, "Kama kutibu kumekuchosha, jikoni kuna birika. Watu hawajanywa chai."

King'ora aliacha kucheka. Mumewe Miwani alianza kuifuatisha kwa kidole ile alama ya pasi kwenye kitambaa, kama vile ndio anaiona kwa mara ya kwanza.

Hawa wawili walikuwa na sababu yao ya kunyamaza. Wazazi wao walifariki wakati Mkuu ndiyo kwanza ameajiriwa kubeba mizigo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, ghala ambalo sasa yeye ndiye mkuu wake. Aliwalisha, akawavisha, akasimama getini kwenye shule zao akiwa amevaa koti la baba yao lililompwaya. Mchezo huu wenyewe aliuanzisha enzi zile, ili wasizurure Jumapili. Kumpinga Mkuu, kwao, kulikuwa kama kuwajibu vibaya marehemu. Miwani aliyajua yote hayo, na kwa ajili ya hayo alikuwa amemeza mengi. Lakini hili la leo hakulimeza.

"Birika nimeliona," alisema. "Na wewe mikono unayo miwili."

Hakuinuka, na hakuna mtu aliyekunywa chai siku hiyo.

Mkuu alianza kusimulia kana kwamba kiti cha Miwani kina mto tu juu yake. Kikosi kilikuwa kinakaribia ngome ya Bwana wa Mto, ambako watu wa mji walikuwa wamefungwa. Zamu ya askari ikapita, ya mpiga mishale ikapita, kisha Mkuu akarudi kwa askari.

"Zamu yangu," Miwani alisema.

Mkuu aliendelea kuelezea mvua iliyokuwa inanyesha.

"Zamu yangu, shemeji."

Mvua ikazidi. Ikafuata doria ya adui, panga zikatolewa, na askari akachomwa mkuki wa ubavu. Hapo ndipo Mkuu alipoinua kichwa. "Haya, tabibu amfunge jeraha."

"Tabibu hajapewa zamu," Miwani alisema, akakunja mikono.

Jumapili ile iliisha askari akiwa kalala matopeni, damu inamtoka, na mwenye askari akijikuna kichwa.

Njiani kurudi nyumbani mumewe akajitosa. "Mke wangu, ule ni mchezo tu."

"Kamwambie yeye kwamba ni mchezo tu."

"Unajua alivyotulea."

"Alikulea wewe. Mimi alinikuta nimeshalelewa, tena vizuri."

"Ungeomba msamaha kwa lile la birika, yakaisha."

Miwani alisimama katikati ya njia, mtu wa baiskeli akalazimika kumkwepa. "Kwa lipi? Kwa kutaka kufungua mlango mmoja kwa mkono wangu? Nimewafunga vidonda wewe na dada yako mpaka dadu imenizoea. Sijawahi hata siku moja kuulizwa mimi nataka kwenda wapi. Jumapili ijayo nitakuja, nitakaa pale pale, na nitakuwa mwizi. Ukiona aibu, kaa upande wa pili wa meza."

Mumewe alimshika mkono tu wakaendelea, na Miwani hakuuondoa mkono wake, ingawa hasira zilikuwa bado zinamchemka.

Katikati ya wiki King'ora alipita dukani. Miwani alikuwa nyuma, kwenye mashine ya kusagia, maji yanatiririka juu ya jiwe na ute mweupe wa lenzi unamrukia kwenye aproni. King'ora alikuwa na miwani ya jua iliyokatika mguu. Aliikalia garini, alisema, akimkimbiza hospitalini mama mjamzito aliyekuwa anamtukana njia nzima.

"Niachie hapo. Umekuja kwa hii tu?"

King'ora alitazama nyuma yake kana kwamba kaka yake anaweza kutokea kwenye kabati la fremu. Kisha akatoa kwenye mfuko wa sare kitabu cha sheria za mchezo, nakala yake mwenyewe, jalada limelegea. "Nimekisoma. Kaa kwanza, maana na wewe utapata za uso."

Miwani alizima mashine, akafuta mikono.

"Nyongeza haihesabiwi kwa fani," King'ora alisoma, kidole kwenye mstari. "Inahesabiwa kwa ngazi zako zote ukizijumlisha. Nne za utabibu na moja ya wizi ni tano. Wa ngazi ya tano ana nyongeza ya tatu. Tatu kwenye kutibu, tatu kwenye wizi, tatu kwenye kila unachokijua, haijalishi umekijulia wapi. Kaka kakosea."

"Nilimwambia!"

"Tulia. Ujuzi mmoja ukiupata kutoka fani mbili, unahesabiwa mara moja. Haujumlishwi. Kusoma watu kwako ni tatu, si sita. Na wewe umekosea."

Miwani alihisi masikio yanawaka. Aliuchukua ukurasa, akausoma mwenyewe, akaurudia. Ndivyo ulivyoandikwa.

"Bado," King'ora alisema, sasa kwa huruma. "Anayeanza maisha akiwa mwizi anapewa aina nne za ujuzi. Anayeuingia wizi baadaye anapewa mmoja tu. Kunyata, kupanda kuta, kufungua vitasa, unachagua mmoja."

"Mmoja!" Alikuwa amekwisha kujiona akinyata, akipanda na kufungua, vyote kwa mpigo. Alikaa kwenye kigoda. "Hakuna zuri lolote?"

"Lipo. Geuza. Mwizi anapewa ustadi wa kina tangu ngazi ya kwanza: anachagua aina mbili za ujuzi anazozijua tayari, na nyongeza yake kwenye hizo inazidishwa mara mbili. Haikusemwa lazima ujuzi huo uwe umetoka kwenye wizi."

Miwani alisoma taratibu, midomo ikitembea. "Kwa hiyo kusoma watu, niliokuja nao kutoka utabibu, nikiuchagua hapa..."

"Ni sita. Ileile sita yako, ila kwa mlango mwingine. Na kutibu ukitaka, sita pia."

Walitazamana, wakacheka mpaka muuza duka akachungulia.

"Sasa nisikilize, wifi," King'ora alisema akirudisha kitabu mfukoni. "Mimi pale kwa kaka sitasema neno. Usinitegemee."

"Sikutegemei. Niachie kitabu tu."

Jumapili ilipofika, Miwani alikaa pale pale. Hakusubiri kuulizwa.

"Shemeji, nilikosea jambo. Kusoma watu hakujumlishwi. Ulikuwa sahihi kunicheka. Na ujuzi mpya napata mmoja tu; nimechagua kufungua vitasa." Aliweka kitabu mezani, kimefunguliwa. "Na wewe ulikosea. Nyongeza inafuata ngazi zote kwa pamoja. Yangu ni tatu, kama ya wenzangu. Na kwenye kusoma watu na kutibu ni sita, kwa sababu ya ustadi wa kina wa mwizi. Iko hapo."

Mkuu hakukitazama kitabu. "Kitabu ni kitabu, na nyumba hii ni yangu. Hapa kila fani inahesabiwa peke yake."

"Haya. Basi sema ni sheria yako. Wiki iliyopita ulisema ni ya kitabu."

"Shemeji..."

"Sema tu. 'Nimeitunga mimi, kwa sababu sitaki mke wa mdogo wangu awe mwizi.' Ukishasema, nitacheza hata kwa sifuri. Lakini nitacheza, na mwizi nitabaki."

Alimsogezea kitabu. Watu waliomjua Mkuu ghalani wangekwambia: alikuwa mkali, alikuwa mbishi, lakini kwenye vipimo hakuwa mtu wa kudanganya.

"Imeandikwa, kaka," King'ora alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

Mkuu alimgeukia dada yake kana kwamba kiti ndicho kilichoongea. Kisha akavuta kitabu, akasoma, akasoma tena. "Tatu kote," alisema kwa shingo upande. "Na sita hizo mbili. Tuone zitakufikisha wapi."

Hazikumfikisha mbali. Miwani alitangaza kwamba jeraha la askari litangoja, yeye anaingia ngomeni peke yake kwa mlango wa nyuma, na kitasa cha kwanza kilifunguka kwa raha. Lakini uani kulikuwa na walinzi.

"Kunyata," Mkuu alisema. "Lengo kumi na tano. Nyongeza yako?"

"Sina."

"Mwizi asiyejua kunyata!" Mkuu alivunjika mbavu. "Nimeishi na nimeyaona."

Miwani alirusha. Tisa. Kabla hajavuta pumzi alikuwa amekamatwa, amenyang'anywa vifaa na kutupwa kwenye chumba cha chini pamoja na wafungwa wa mji.

"Umeona?" Mkuu alisema.

"Nimeona. Nimekamatwa mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Endelea."

Nje ya ngome, askari alikuwa bado na lile jeraha la ubavu, na doria ilikuwa imerudi. Mkuu alisimulia kwa madaha namna damu inavyomtoka. Kisha akashusha sauti. "Mlinzi anakuja kwenye nondo za chumba chako. Anasema: apa kwamba unaacha wizi, na mlango utafunguliwa sasa hivi. Ukamtibu mumeo."

King'ora aliacha kutafuna.

"Huyo anayesema si mlinzi, ni wewe," Miwani alisema. "Kamwambie mlinzi wako hapana."

"Mumeo anakufa huko nje, shemeji."

Hilo lilimgusa. Aligeuka kumtazama mumewe upande wa pili wa meza, maana kweli alikuwa amekaa upande wa pili. Ule uso aliujua: ulikuwa uso wa mtu aliyezoea kukubali ili watu wamalize wakale. Lakini safari hii aliinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Usitoke kwa ajili yangu," alisema. Kisha akamgeukia kaka yake. "Najifunga mwenyewe."

"Unajifunga na nini? Wewe kutibu hujui!"

"Ndiyo maana narusha." Akarusha. Ikatoka mbili. Kwa mujibu wa Mkuu, askari alijifunga bandeji mkononi badala ya ubavuni, akazimia. King'ora akatangaza kwamba anambeba mgongoni, hata kama ni mzito kama gunia la saruji, na wote wakacheka, na kicheko kile kililegeza kitu fulani ambacho kilikuwa kimekaza kwenye chumba kile tangu Jumapili iliyopita.

"Nataka kumsoma huyo mlinzi," Miwani alisema. "Nijue kwa nini anashinda hapo kwenye nondo zangu."

"Kwa lengo la kumi na nane," Mkuu alisema haraka, kama mtu anayepandisha ukuta.

Dadu ilizunguka, ikagonga glasi, ikatulia. Kumi na tatu.

"Na sita," Miwani alisema. "Kumi na tisa. Niambie ukweli wake."

Mkuu hakuwa ameandaa ukweli wowote. Yule mlinzi alikuwa wa nondo na funguo tu. Mkuu aliigeuzageuza kalamu. Alipoanza kusema, hakuwa na ile sauti yake ya usimulizi.

"Ana mdogo wake humo ndani, kati ya wafungwa. Mgonjwa. Alimlea yeye. Alishika kazi hii ili awe karibu naye, akidhani akiwa mkali sana, akishika funguo zote, hakuna baya litakalompata. Sasa hajui namna ya kumtoa."

Mumewe Miwani aliinamisha kichwa. King'ora akawa anaikuna meza kwa ukucha. Miwani alielewa, na moyo ulimlainika, lakini hakuona kwamba kumwelewa mtu ni sawa na kumpisha.

"Mdogo wake namtibu," alisema. "Sita ninazo." Akarusha, ikatosha. "Halafu namwambia mlinzi anirudishie vifaa vyangu."

"Mlinzi anasema yeye mwenyewe atafungua. Funguo anazo."

"Hapana. Azishike funguo zake. Nafungua mimi. Akitaka kuja na sisi, aje. Akitaka kubaki akilinda chumba kitupu, ni juu yake."

Mkuu alimtazama. Miwani alimtazama pia. Kisha Mkuu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vifaa umerudishiwa. Lengo kumi na nne."

Mara ya kwanza ilitoka nne, na nyongeza ya tatu haikumsaidia kitu. Waya ulikatikia kitasani. Ya pili ilikaribia. Ya tatu kitasa kikafunguka, na watu wa mji wakaanza kutoka mmoja mmoja gizani, Miwani akiwahesabu kwa kuwagusa bega. Mkuu hakusahau kutaja kwamba mlinzi aliwafuata, mwishoni kabisa, akimshikilia mdogo wake kiunoni.

Msamaha Mkuu hakuomba, na Miwani hakuudai. Wiki zilizofuata milango ya Mkuu ilizidi kuwa migumu, yenye komeo mbili, yenye sumu kwenye kitasa, na Miwani alishindwa mingi, akanaswa, akaumia, akafurahi kuliko alivyowahi kufurahi nyuma na bandeji zake. Hakuna aliyemwambia tena aache. Walipofika ngazi ya sita, Mkuu alizunguka meza akiuliza kama kawaida, na mumewe Miwani akasema yeye anachukua fani ya pili, utabibu.

"Na nani atapigana?" Mkuu aling'aka.

"Mimi. Nitapigana, nikimaliza natibu."

Mkuu alivuta kitabu karibu. "Unapewa aina ngapi za ujuzi ukiingia katikati?" aliuliza, bila kumtazama mtu yeyote.

"Hiyo ni ya utabibu, ina mstari wake," Miwani alimjibu. "Angalia chini ya jedwali. Na usome kwa sauti, shemeji, tusikie wote."